Nyumba Isiyo na Nyuma

Siku mliyoniaga mlisema maneno mengi. Mmoja wenu alisema mimi ndiye niliyeanzisha makumbusho haya. Si kweli. Mwingine alisema sikuwahi kumgombeza mtu bila sababu. Hilo ni kweli, maana sababu zilikuwepo kila siku. Kanga mlizonipa nimezivaa. Sufuria nimempa mkwe wangu, labda atajifunza kupika. Kisha mkaniomba niandike habari za kazi yetu kwa ajili ya wanaokuja nyuma, na kalamu mkanipa.

Shule nilikaa kidogo, pale misheni, mpaka nilipojua kusoma na kujumlisha, nikatolewa kwenda shambani. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Habari za nani alipanda cheo na nani alirukwa sitaziandika, vyeo havipangusi vumbi. Nitaandika za mwanzo, wakati wa Mwingereza, kwa sababu nyinyi mmekuta kabati za vioo zimesimama mkadhani ziliota.

Mimi niliingia kazini kwa kinyesi cha ng'ombe. Baraza la mtemi lilikuwa limejenga nyumba kubwa ya msonge kando ya barabara iendayo Mwadui, kule kwenye almasi, wakatafuta wanawake wa kukandika na kusiriba. Mume wangu alikuwa amefariki, nami nimerudi kwa kaka yangu na watoto wangu, na mke wa kaka alikuwa ameanza kunitazama mkono kila ninapomega ugali. Nikaenda. Tulikuwa wengi. Kazi ilipokwisha wenzangu wakanawa wakaenda zao. Mimi nikaona ukuta wa karibu na mlango uko mtupu kama kichwa cha mgonjwa, nikachukua udongo mweupe na mwekundu na masizi, nikaanza kuupamba kwa vidole kama tunavyopamba nyumbani.

Akaja mtu mrefu, kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka inakata, penseli ameichomeka kwenye soksi. Alikuwa Mwalimu Lameki. Baraza lilimtoa shuleni, alikokuwa akifundisha kuchora, likamkabidhi nyumba hiyo aijaze vitu vya wazee wetu.

Akauliza, "Mama, nani amekuambia uchore?"

"Hakuna."

"Na nani amekuambia uache?"

"Hakuna."

"Basi endelea. Ila huku juu umejaza mno. Jicho la mtu litapumzika wapi?"

Nikajisemea, huyu ana kiburi. Usiku ule sikufikiri tena habari zake, lakini asubuhi niliposimama barabarani nikatazama ukuta wangu, niliona kweli nimejaza. Nikafuta nusu. Yeye alipokuja alinipa ndoo. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Mwalimu alikuwa na njia yake ya kufanya kazi, na yote niliyowafundisha nyinyi ni yake. Kitu cha kwanza ni mlango. Kabla hujaweka hata kigoda kimoja, simama mlangoni kama mgeni aliyetoka mbali na miguu inamuuma, uone jicho lako linakwenda wapi lenyewe. Pale linapokwenda ndipo unapoweka kitu kikubwa. Kitu cha pili, usimwamini mgeni wa kufikirika. Mwalimu alikwenda kisimani akawaomba wanawake waje na mitungi yao kichwani, waingie, wazunguke, watoke, naye amekaa pembeni anatazama. Mmoja wao, aliyebeba mtoto mgongoni, aliinama kutazama shanga kwenye rafu ya chini, kichwa cha mtoto kikagonga rafu ya juu. Mtoto alilia, mama yake akatuita majina. Tangu siku hiyo kipimo cha rafu katika nyumba hii ni mwanamke aliyebeba mtoto. Mkisikia mtaalamu wa mjini anawaambia kipimo kingine, mpeni mtoto abebe.

Fundi wetu aliitwa Saidi, Mmanyema wa Ujiji. Alikuwa amepita kwenye dhahabu ya Geita akiwa kijana, kisha akafanya useremala kambini Mwadui, na mikono yake ilijua mbao kama mimi ninavyojua unga. Alisali sala zake zote na kati ya sala alitusema. Vioo vya kabati vya kununua hatukuwa navyo, Saidi akavitoa kwenye malori yaliyokufa. Ndiyo maana kabati zile za mwanzo zina vioo vilivyopinda. Mchwa wakaanza kupanda miguu ya meza, akaiweka miguu ndani ya makopo yenye majivu na mafuta ya taa. Ngozi zikaanza kuliwa na wadudu, tukazianika na kuzikung'uta kila mwezi mwandamo, na mpaka leo sijaona dawa inayoshinda jua la Shinyanga. Udongo wangu mweupe ulipoanza kubanduka ukutani, nilimlaumu Saidi kwamba ukuta alioujenga una chumvi.

Akaniambia, "Mama Holo, ukuta wangu hauna neno. Rangi yako ndiyo haina cha kuishika. Nenda kwenye migunga ukakwangue ule utomvu, uloweke, uchanganye."

Nilikwangua, nikaloweka, nikachanganya. Rangi ikashika. Sikumwambia asante siku hiyo, nilimpelekea karanga.

Maandishi ya vitu yalikuwa kazi ya Mwalimu, herufi zimenyooka kama mistari ya pamba. Lakini wageni wengi hawakujua kusoma, tena Kiswahili cha wengi kilikuwa cha kubabaisha. Tukakubaliana, yeye aandike na mimi chini yake nichore picha: kigoda na mtu aliyekikalia, jembe na anayelima. Alizoea kusema, "Mimi nawaandikia watoto, Mama Holo anawaandikia mama zao." Alisema kwa kucheka, lakini kila picha yangu aliikagua, na iliyokuwa mbaya aliirudisha.

Safari ngumu ya mwaka ule ilikuwa ya Geita. Tulitaka mivukuto ya wafua chuma wa zamani, wale waliokuwa wakifua majembe tangu kabla ya Mzungu kuulizia dhahabu. Tulipanda lori hadi Mwanza, tukavuka maji, tukapanda lori jingine. Geita ilikuwa imejaa watu wa kila kabila, kila mmoja anaota jiwe. Mzee mfua chuma alitupokea vizuri, akatupa maziwa, kisha akasema mwanamke hasogelei mivukuto. Mimi nikakaa nje ya ua. Saidi akapima kwa mikono yake na kunipigia kelele vipimo, nami nikachora juu ya mchanga, halafu nikanakili kwenye karatasi. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akatupa mivukuto mikuukuu kwa sharti moja: huko tunakoipeleka nayo iwe ndani ya ua. Ule uzio wa matete mnaouona ukiizunguka ndio sharti hilo. Naambiwa mnataka kuuondoa kwa sababu unashika vumbi. Panguseni vumbi.

Sasa nifike kwenye ngoma, maana ndiko kwenye kazi yenyewe.

Mnajua kwamba kwetu, mavuno yakishaingia, makundi mawili ya ngoma hushindana. Kila moja lina uwanja wake, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Majina ya makundi sitayataja, wajukuu wao bado wanagombana. Nitawaita kwa viongozi wao wa wakati ule. Mzee Masanja alikuwa mwembamba, mwenye sauti kama ya jogoo. Mzee Ngassa alikuwa mnene, mpole wa sauti, na maneno yake yalichoma zaidi. Kila mmoja alikuwa na ngoma kubwa aliyorithi kwa waasisi wa kundi lake, na baada ya Mwalimu kuwatembelea sana na kunywa pombe ambayo hakuipenda, wote wawili walikubali ngoma zikae kwetu, kwa kuazima, wazichukue wakati wa mashindano na kuzirudisha.

Bila ngoma zile hatukuwa na makumbusho. Mwalimu alisema wazi, "Nani atatembea kutoka Songwa kuja kutazama mtungi kama aliouacha jikoni kwake?" Na mkuu wa baraza alikuwa ameshatuonya. Pamba ilikuwa imeongezeka kila mahali na maghala hayakutosha. Karani wa ghala alikuwa ameiombea nyumba yetu. Mkuu akamwambia Mwalimu kwamba soko la pamba likifunguliwa na nyumba haijafunguliwa kwa watu, watu wakaonekana wanaingia, basi magunia yataingia. Mwalimu angerudi shuleni, hilo halikumuumiza sana. Lakini vitu vilivyokwisha kukusanywa, vigoda, mivukuto, mapembe, vyote vingerudishwa kimoja kimoja kwa wenyewe, na tulijua nusu yake ingeishia jikoni kama kuni. Na mimi ningerudi kwa mke wa kaka.

Tukaweka ngoma. Ukiingia tu, moja kulia, moja kushoto, kila moja juu ya jukwaa la Saidi, mwanga wa asubuhi unazipata zote. Zilipendeza. Mwalimu alisimama mlangoni muda mrefu, akaniambia, "Hapa usiguse tena."

Kabla ya kufungua, tukawaita wenye ngoma waje watazame. Ngassa alikuja asubuhi. Aliingia, akaona ngoma yake iko kushoto. Akaomba maji. Akanywa taratibu mpaka tone la mwisho, akanirudishia kata.

"Mwalimu," akasema, "kwenu mwanamume akifa analazwa kwa ubavu gani?"

"Wa kulia, mzee."

"Na mwanamke?"

"Wa kushoto."

"Vema. Sasa niambie, ngoma yangu ni mama wa nani?"

Mimi ni Msukuma na Mwalimu ni Msukuma. Habari ya mkono wa kiume na mkono wa kike tuliinyonya pamoja na maziwa. Tulikuwa tumetazama mwanga tu. Mwalimu akaomba radhi, akasema tutatafuta namna. Ngassa akaenda kukaa nje kwenye kivuli cha ukuta.

Jioni akaja Masanja. Alikuwa amesikia njiani kwamba yeye ndiye wa kulia, na alikuja ametembea kama bwana arusi. Akaingia, akapita moja kwa moja mpaka mwisho wa nyumba, akageuka, akakaa kwenye kigoda akitazama mlango.

"Mwenye nyumba hukaaje?" akauliza. "Hukaa hivi, anatazama mlango. Ndivyo nyumba inavyotazama. Mayu, hebu njoo." Mayu ni mama, alikuwa ananiita mimi. "Mkono huu ninaonyooshea ngoma yangu ni upi?"

Nikatazama. Ulikuwa wa kushoto.

Kwa anayeingia tulimtukana Ngassa, kwa aliyekaa ndani tulimtukana Masanja. Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na bado sijaona wengine waliofanikiwa kuwatukana maadui wawili kwa kosa lilelile. Kila mmoja akaleta mkokoteni wake wa ng'ombe. Ngoma zikaondoka, moja ikaelekea mashariki, nyingine magharibi, na majukwaa ya Saidi yakabaki yametazamana.

Tulijaribu kila kitu. Kuziweka katikati: ipi itangulie? Kuzibadilisha kila mwezi: nani aanze? Saidi akasema tuzining'inize darini.

"Zitakuwa popo?" nikamuuliza.

"Popo hawana kulia wala kushoto, Mama Holo."

"Wana juu na chini. Watagombania hiyo."

Wakati huo karani wa ghala alikuwa akija kutembelea. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, alivua kofia, alitusifia kabati. Lakini kila alipokuja alipita kando ya ukuta akipima kwa hatua zake, midomo ikicheza, na ulijua anapanga magunia.

Mkuu wa baraza akaita kikao, wazee wote wawili wawepo. Watu walijaa, maana habari ilikuwa imeenea na wengi walikuja kusikiliza matusi. Hawakurudi na njaa.

Ngassa alianza kwa ile sauti yake ya upole. "Mimi sipiti mlango mmoja na mtu ambaye ngoma yake inalia kama debe."

"Debe hilo," Masanja akajibu, "ndilo lililokunyang'anya watu wote mavuno yaliyopita, ukabaki unapigia mbuzi."

"Mbuzi wenyewe walitoka kwako, walikimbia kelele."

Watu wakashika mbavu. Mkuu akagonga meza.

"Basi sikilizeni," akasema Ngassa. "Nitoboleeni ukuta huko nyuma, niingie kwa mlango wangu, nimtazame huyu mgongo!"

"Toboeni!" akasema Masanja. "Toboeni, aingie kwa nyuma kama kuku anayetafuta pa kutagia!"

Kicheko kilipopungua, Saidi alisimama. Alikuwa mgeni katika nchi yetu na barazani hakuwahi kufungua mdomo. Akavua kofia yake.

"Shikamoo wazee. Naomba kuuliza. Nyumba ni ya mviringo. Nyuma yake iko wapi?"

Watu wakaanza kuonyesha vidole, kila mmoja upande wake. Mwalimu akawahi kabla maneno hayajapoa. Akasema milango miwili, inayotazamana. Upana mmoja, kizingiti kimoja, njia ya kufikia ile ile, mapambo yale yale. Ngoma moja kulia kwa anayeingia mlango wake, na nyingine vivyo hivyo. Atakayeketi ndani hataweza kutazama mlango bila kuupa mlango mwingine mgongo, kwa hiyo nyumba haitakuwa na mwenye kukaa, itakuwa na wapitaji tu.

Wazee wakatazamana. Ngassa akasema atatuma mkwewe akague. Masanja akasema yeye atatuma wawili.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa karani. Alitufuata nje. "Mwalimu, hongera. Milango miwili ni jambo jema sana. Magunia yataingia huku, yatatokea huku." Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Mwalimu alikwenda kukaa chini ya lori lililoharibika akavuta sigara, naye hakuwa mvutaji.

Kwa hiyo tulikata ukuta tukijua kwamba, wazee wakigeuza maneno, tunamtengenezea karani ghala zuri. Saidi alitegemeza paa kwa magogo kabla ya kugusa ukuta, akatukataza kupiga chafya. Tulipotoboa, mwanga uliingia kutoka upande ambao haukuwahi kuingia, na vitu vyote nilivyokuwa nimevipanga vikaonekana kama vya mtu mwingine. Nilivihamisha vyote. Mapembe yaliyokuwa gizani yakang'aa, na ngozi niliyoipenda ikaonekana viraka vyake.

Mapambo ya mlango wa pili yalikuwa mtihani. Mkwe wa Ngassa na wakwe wawili wa Masanja walikaa mbele ya milango tangu asubuhi, wanahesabu nukta zangu, wanapigiana kelele kupitia nyumba kama watu waliovuka mto. "Huko kuna jicho jeusi chini ya mstari?" "Lipo!" "Limejaa?" "Halijajaa kama la huku!" Nami napanda na kushuka ngazi. Nilikuwa na maneno ya kuwaambia, lakini nikayameza, kwa sababu walikuwa na haki. Ukuta wa pili ulikuwa mzuri zaidi, mkono ulikuwa umeshazoea. Ikabidi niurudie wa kwanza.

Na alama yetu ilizaliwa siku hizo hizo. Mwalimu alikuwa amechora ngao yenye simba na mikuki kwa ajili ya kibao cha barabarani. Nilimwambia inafanana na nembo ya kiberiti. Akakasirika, akaifuta, akachora duara tupu lenye pengo moja la mlango. Saidi alipita na ndoo ya udongo, akachovya kidole, akaweka pengo la pili upande wa pili. Tukaiacha hivyo. Watu wanaotufundisha sasa wanasema ina maana ya mzunguko wa maisha. Ni nyumba yenye milango miwili.

Siku ya kufungua ikafika, na ngoma hazikuwa zimefika. Wazee walikuwa wamesema, "Tutakuja nazo siku yenyewe, tuone." Tuone nini, hawakusema. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na majukwaa mawili matupu yakikutazama kama macho ya kipofu. Mkuu wa baraza alikaa kwenye kiti chake kivulini. Wageni wachache walikuwa wamekuja, wakazunguka mara moja wakatoka kujitafutia miwa. Soko la pamba lilikuwa limekwisha kufunguliwa. Jua lilipopanda, karani naye akafika na lori lenye magunia matupu yaliyofungwa, akaliegesha barabarani, akashuka, akavua kofia.

"Sina haraka," akamwambia Mwalimu. Na ndipo nikamchukia, kwa mara moja tu, kwa sababu kweli hakuwa na haraka.

Mwalimu alinyoosha kibao ambacho hakikupinda. Saidi alifagia palipofagiwa. Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa mashariki nikiwaza nianze kumrudishia nani kigoda chake.

Tulisikia nyimbo kwanza upande wa Songwa. Halafu, kabla hatujasimama vizuri, tukasikia upande wa pili. Vumbi likainuka mashariki, likainuka magharibi. Nikafahamu kwamba kila mmoja alikuwa ameweka mtu njiani amwangalie mwenzake, ili yeye asije akafika wa kwanza na watu wachache. Walikuwa wamezunguka vijijini tangu alfajiri, kila mmoja anakusanya watu. Kumbe mashindano ya mwaka ule yalikuwa yameanza, na uwanja ulikuwa sisi.

Masanja akaingia kwa mlango wake, ngoma nyuma yake imebebwa, watu nyuma ya ngoma. Ngassa akaingia kwa wake vilevile. Hakuna aliyesimama kumngoja mwingine, na walio nyuma hawakuona walio mbele, wakazidi kusukuma. Wazee wakakutana katikati ya nyumba, tumbo la Ngassa kwenye mbavu za Masanja. Mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki. Nyimbo zikafa moja moja. Watu hao wawili hawakuwa wamesalimiana tangu watoto wao wa kwanza walipokuwa wakitambaa.

Masanja akakohoa, akasalimu. "Mwangaluka, Ngassa."

"Mwangaluka mhola."

"Umenenepa."

"Wewe umebaki mifupa. Watu wako wanakulisha nini, sifa?"

"Nikanyage polepole, basi."

"Mguu si wangu, ni wa mkwe wako."

Nilikuwa nimebanwa kwenye kabati la shanga, kioo cha lori kinanichoma mgongo, na nilimsikia Mwalimu mahali fulani anacheka kwa sauti ya mtu anayelia. Saidi akapaza sauti, "Ngoma juu ya majukwaa! Kisha kila mtu aende mbele, mbele tu!" Ngoma zikapanda. Watu wakaanza kusogea, na kwa kuwa hakukuwa na njia ya kurudi, kila aliyeingia kwa Masanja alitokea kwa Ngassa, na wa Ngassa kwa Masanja, na kila mmoja alipita mbele ya ngoma ya adui yake, karibu kiasi cha kuigusa.

Ngassa alipofika mbele ya ngoma ya Masanja alisimama. Aliinama, akaigonga ngozi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Mama Holo!"

"Abee, mzee."

"Ngozi hii imelegea. Hapa jua haliifikii. Mmeiweka mahali pabaya."

"Nitaisogeza, mzee. Nilidhani ungefurahi."

"Nifurahi nini? Nikimshinda, nataka nimshinde akiwa mzima." Akatoka kwa mlango wa Masanja, akipangusa jasho.

Niliisogeza jioni hiyo, na yake pia, kiasi kile kile. Wakwe walikuja kupima.

Watu waliendelea kuingia. Mkuu wa baraza aliinuka akaja kusimama karibu na lori, akamtazama karani, karani akatazama ule umati, akapanda nyuma ya lori akakaa juu ya magunia yake. Baadaye akashuka, akajipanga kwenye mstari kama wengine. Hatukuwahi kusikia tena habari ya ghala. Dereva wake, kijana Mzaramo aliyekuwa amekuja kutafuta kazi bara, alikuja mpaka tulipokuwa tumesimama mimi, Mwalimu na Saidi. Akatazama mlango huu, akatazama ule.

"Shikamooni. Jamani, mimi si wa huyu mzee wala si wa yule. Niingie wapi?"

Tulitazamana sisi watatu. Miezi yote ile ya kupima milango, na Saidi mwenyewe akiwa Mmanyema, hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

"Marahaba," nikamwambia. "Ingia unapotaka, baba. Ila usisimame katikati, kuna watu nyuma yako."